Vifaa pasiwaya: Namna vinavyounganishwa na tarakilishi ya nyumbani

NI jambo la kawaida kwa mnunuzi kutoka dukani na kipanya kisichotumia waya, akafika nyumbani na kugundua kwamba tarakilishi yake haikitambui. Kipanya si kibovu, wala tarakilishi haina hitilafu. Kilichokosekana ni ufahamu wa jambo moja ambalo aghalabu muuzaji halitaji: neno pasiwaya lililo kwenye pakiti hujumuisha njia tatu tofauti za mawasiliano, na kifaa kilichoundiwa njia moja hakiwezi kuzungumza kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza hutumia kipokezi maalum, kile kipande kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Ya pili ni Bluetooth, ambayo redio yake huwa ndani ya tarakilishi yenyewe. Ya tatu ni Wi-Fi, inayotumiwa hasa na vichapishi. Zamani kulikuwa na nyingine iliyotumia miale ya mwanga isiyoonekana kwa macho, sawa na rimoti ya runinga. IBM iliitumia kwenye baobonye ya tarakilishi yake ya nyumbani ya PCjr, iliyotangazwa mwaka wa 1983, lakini miale hiyo ilidai baobonye na mashine vielekeane bila kizuizi. Mnamo 1991 kampuni ya Logitech ilitoa kipanya kilichotumia mawimbi ya redio, na tangu hapo haikuwa lazima tena vifaa kutazamana.

Kabla ya kulipa, pakiti yenyewe hueleza mengi kwa anayejua kuisoma. Ikiwa na alama ya Bluetooth, tarakilishi ni lazima iwe na Bluetooth. Ikiwa imeandikwa 2.4G pamoja na picha ya kipande cha USB, kifaa kinakuja na kipokezi chake na hakihitaji Bluetooth hata kidogo. Vipo vifaa vyenye njia zote mbili na swichi ya kuchagua upande wa chini, na tofauti ya bei ikiwa ndogo, hivyo ndivyo vinavyofaa zaidi kwa mtu asiyejua tarakilishi yake ina nini.

KIPOKEZI MAALUM

Kwa tarakilishi ya mezani iliyokwisha kuzeeka, hakuna njia iliyo nyepesi kuliko hii. Kifaa na kipokezi chake huoanishwa kiwandani. Mtumiaji hutia betri, huchomeka kipokezi, husukuma swichi iliyo chini ya kipanya, na baada ya sekunde chache mshale huanza kusonga kwenye kiwambo. Hakuna programu ya kusakinisha, kwa kuwa tarakilishi hukiona kipokezi hicho kana kwamba ni baobonye au kipanya cha kawaida chenye waya. Ndiyo maana baobonye ya aina hii hufanya kazi hata kabla Windows haijaamka, pale fundi anapotaka kuingia katika mipangilio ya awali ya mashine.

Udhaifu wake ni umbo lake. Kipokezi hakizidi ukucha wa kidole gumba, na kikipotea, hasara haiishii hapo. Kwa vifaa vingi vya bei nafuu, kipokezi kingine hakiwezi kuchukua nafasi ya kilichopotea hata kama ni cha chapa ile ile na kina umbo lile lile. Kipanya kizima hubaki hakina kazi kwa sababu ya kipande kilichodondoka chini ya kochi. Hata hivyo, kabla ya kukata tamaa inafaa kufungua kifuniko cha betri. Watengenezaji wengi huacha humo nafasi ya kuhifadhia kipokezi, na si ajabu mnunuzi kukirudisha kipanya kipya dukani akilalamika kuwa hakina kipokezi, ilhali kimo tumboni mwake.

Kampuni kadhaa zimejaribu kulitatua tatizo hilo. Mnamo 2009 Logitech ilianzisha kipokezi kiitwacho Unifying, kinachotambulika kwa alama ndogo ya rangi ya machungwa, ambacho kinaweza kuhudumia vifaa 6 kwa wakati mmoja na kuuzwa peke yake. Mwaka wa 2021 kampuni hiyo ilileta kingine, Logi Bolt. Viwili hivyo havisikilizani, na anayenunua kipanya cha mtumba ni muhimu alinganishe alama iliyo chini ya kipanya na ile iliyo kwenye kipokezi.

BLUETOOTH

Teknolojia hii ilianza kubuniwa mnamo 1994 katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Uswidi, kwa nia ya kuondoa nyaya baina ya simu na vifaa vyake. Mwaka wa 1998 Ericsson iliungana na IBM, Intel, Nokia na Toshiba kuunda shirika la kuisimamia. Jina lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel kwa kumkumbuka Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu na anayesifiwa kwa kuwaunganisha Wadenmark. Ile alama inayofanana na herufi B yenye pembe ni herufi mbili za kale za jina lake zilizobebana. Lilikusudiwa kuwa jina la muda tu.

Karibu kila kipakatalishi kilichoundwa miaka ya karibuni kina Bluetooth. Tarakilishi za mezani ni suala jingine. Nyingi zinazouzwa zikiwa zimekwisha kutumika zilitoka katika ofisi za ng'ambo, ambako kila kitu kiliunganishwa kwa waya na hakuna aliyeona haja ya redio hiyo. Ukaguzi wake huchukua dakika moja. Kwenye Windows 10 au 11, mtumiaji hufungua Settings na kutafuta sehemu ya Bluetooth. Swichi ya kuiwasha ikikosekana, ama mashine haina redio hiyo, au programu ya kuiendesha haijasakinishwa. Hali hii ya pili hutokea mara nyingi baada ya fundi kufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya, na dawa yake ni programu ya bure kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mashine.

Ikiwa redio haipo kabisa, kiunganishi cha USB cha Bluetooth humaliza tatizo kwa bei ndogo kuliko ya kununua mashine nyingine. Ifahamike tu kwamba Windows hutumia redio moja ya Bluetooth kwa wakati. Anayechomeka kiunganishi kipya kwenye mashine ambayo tayari ina redio dhaifu hana budi kuizima ile ya ndani kwanza, la sivyo zitavurugana.

Kuna pia kisa cha redio iliyopo lakini isiyosikia vizuri, nacho kimewasumbua watu wengi bila sababu. Katika tarakilishi za mezani, kadi moja aghalabu hubeba Wi-Fi na Bluetooth pamoja, na antena zake hufungwa nyuma ya kasha kwa kuzungushwa kama skurubu. Antena hizo zikisahauliwa ndani ya katoni, Wi-Fi huenda ikaendelea kwa kusuasua, ilhali kipanya cha Bluetooth hukwama hata kikiwa nusu mita kutoka kwa mashine. Mwenyewe hubadilisha kipanya, hubadilisha betri, humwita fundi, na muda huo wote dawa imo kwenye katoni juu ya kabati.

Kuoanisha kwenyewe hakuna ugumu mradi utaratibu ufuatwe. Kitufe cha kuoanisha kwenye kifaa hubonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde kadhaa hadi taa ianze kumetameta kwa haraka. Kisha kwenye tarakilishi huchaguliwa agizo la kuongeza kifaa, na jina lake linapojitokeza hubofywa. Kwenye tarakilishi za Apple, kazi hiyo hufanyiwa katika sehemu ya Bluetooth ndani ya System Settings. Taa isiyometameta ina maana kwamba kifaa hakijajitangaza, na tarakilishi haiwezi kukiona hata ikitafuta usiku kucha.

Baobonye ina hatua moja zaidi. Kiwambo huonyesha nambari, kwa kawaida ya tarakimu 6, ambayo mtumiaji anafaa kuichapa kwenye baobonye mpya na kisha kubonyeza Enter. Wengi huchapa nambari na kungoja, na kwa kukosa kubonyeza Enter, muda hupita na jaribio hufeli. Nambari hiyo si urasimu mtupu. Ndiyo inayothibitisha kwamba baobonye iliyoko mkononi ndiyo inayoungana na tarakilishi hiyo, wala si kifaa kingine kilichojipenyeza katikati. Kipanya hakiombwi nambari kwa sababu hakina pa kuichapia.

Aidha, vifaa vingi vya kisasa hukumbuka tarakilishi au simu mbili au tatu na kuhama kutoka moja hadi nyingine kwa kitufe. Ni faida inayogeuka kero pale baobonye inapoonekana imekufa sebuleni, kumbe inaandika kwenye simu iliyoachwa chumbani. Kabla ya kufuta uoanishaji na kuanza upya, heri mtumiaji akabonyeza kitufe cha nafasi ya kwanza aone.

Tahadhari moja haina mjadala. Tarakilishi ya mezani isikose nyumbani baobonye na kipanya vyenye waya, hata vikuukuu. Bluetooth huanza kufanya kazi, kwa mashine nyingi, baada ya Windows kuamka. Likitokea tatizo kabla ya hapo, au programu ya Bluetooth ikiharibika, mwenye vifaa vya Bluetooth pekee hujikuta mbele ya mashine asiyoweza kuiamrisha lolote.

MSHALE UNAPOKWAMAKWAMA

Vipokezi vingi, Bluetooth na sehemu kubwa ya Wi-Fi hutumia masafa yale yale yanayozunguka gigahatsi 2.4, ambayo nchi nyingi zimeyaruhusu yatumike bila leseni. Oveni ya mawimbi mafupi ya jikoni nayo hutoa mawimbi yake papo hapo. Katika nyumba iliyo peke yake shambani hilo halina uzito. Katika majumba ya ghorofa ya Pipeline au Roysambu jijini Nairobi, ambako ukuta mmoja hutenganisha familia mbili na kila mlango una rauta yake, masafa hayo hujaa kama barabara ya Thika saa za jioni.

Bluetooth iliundwa kwa kutarajia msongamano huo. Ile ya kawaida hugawanya masafa katika njia 79 na kuruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, na toleo la 1.2 la mwaka wa 2003 liliiwezesha kuziepuka njia zilizojaa. Wazo la kurukaruka lina historia ndefu. Mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza nchini Marekani mnamo 1942 kwa mfumo wa aina hiyo, uliokusudiwa kuziongoza silaha za majini bila adui kuyavuruga mawimbi. Vipokezi vya bei ya chini havina uwezo wa kuruka kwa kiwango hicho, na ndivyo huathirika zaidi.

Hata hivyo, msababishi mkubwa huwa hayuko kwa jirani bali kwenye tarakilishi yenyewe. Mnamo 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo yaliyoonyesha kwamba USB 3.0, yale matundu ambayo mara nyingi huwa ya rangi ya buluu ndani, hutoa kelele ya redio inayofika hadi kwenye gigahatsi 2.4. Kipokezi kilichochomekwa kando ya diski ya nje inayofanya kazi kwenye tundu la buluu huzibwa masikio. Mshale hukwama kila faili kubwa inaponakiliwa na kupona kazi ikiisha, jambo linalomfanya mwenye mashine aamini kuwa tarakilishi imelemewa. Kuhamisha kipokezi hadi kwenye tundu jeusi la upande wa mbele, au kukisogeza kwa waya wa kurefushia wa USB wenye urefu wa mita moja, hutosha mara nyingi. Waya huo husaidia pia pale kasha la chuma linapokaa chini ya meza na kipokezi kipo nyuma yake, kwani chuma huyazuia mawimbi.

Kama rauta hutoa gigahatsi 5 pia, kuihamishia tarakilishi huko hupunguza kelele karibu na kipanya. Betri nazo zisisahaulike. Zile za kuchajiwa upya hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na baadhi ya vifaa hutangaza kwamba zinakaribia kuisha ilhali ndiyo kwanza zimetoka kwenye chaja.

SAUTI NA VICHAPISHI

Vipokea sauti vya masikioni vya Bluetooth huleta lalamiko moja linalofanana kila mahali: muziki husikika vizuri, lakini mkutano wa mtandaoni ukianza, sauti hugeuka nyembamba kama ya simu ya zamani. Hakuna kilichoharibika. Bluetooth ya kawaida haina uwezo wa kupeleka sauti nzito ya pande mbili na wakati huo huo kupokea sauti ya kinasa. Kinasa kinapofunguliwa, hushuka hadi kwenye ubora wa simu. Ponya ya bei rahisi ni kutumia kinasa cha kipakatalishi na kuviacha vipokea sauti vifanye kazi ya kusikiliza tu. Mfumo mpya uitwao LE Audio hauna kasoro hiyo, lakini unahitaji kuungwa mkono na tarakilishi na vipokea sauti pia.

Kichapishi cha Wi-Fi hakiunganishwi na tarakilishi bali na rauta, kisha tarakilishi hukikuta humo. Kosa linalozuia wengi ni kwamba vichapishi vingi husikia gigahatsi 2.4 peke yake, na rauta iliyowekewa gigahatsi 5 tu haitakiona kamwe.

USALAMA WA BAOBONYE

Kipanya kikinaswa na mtu, atakachopata ni miondoko ya mshale. Baobonye ni kitu tofauti, maana ndiyo inayobeba nywila ya benki, ya iTax na ya barua pepe. Kwa kila herufi inayobonyezwa, baobonye pasiwaya huitangaza hewani, na swali ni kama tangazo hilo limefungwa kwa siri au liko wazi.

Mnamo Februari 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walifichua udhaifu waliouita MouseJack. Walionyesha kwamba vipokezi vya watengenezaji kadhaa wakubwa vilikubali maagizo ya baobonye kutoka kwa kifaa kilichojifanya kipanya, kwa sababu mawimbi ya kipanya hayakufungwa kwa siri. Mvamizi aliye umbali wa hadi mita 100 angeweza kuiandikia tarakilishi ya mtu mwingine amri kana kwamba ameketi mbele yake. Logitech ilitoa sasisho la kuvirekebisha vipokezi vyake, lakini sasisho hilo halijiingizi lenyewe, na vipo vipokezi vya watengenezaji wengine ambavyo haviwezi kusasishwa.

Julai mwaka huo huo kampuni hiyo ilitangaza udhaifu mbaya zaidi, KeySniffer. Baobonye za bei nafuu za watengenezaji 8 zilikuwa zikitangaza kila herifi bila kuifunga kabisa, na zingeweza kusomwa kutoka umbali wa mita 76 hivi. Katika mtaa wa ghorofa zilizobanana, mita hizo hupita majengo kadhaa. Baobonye hizo hazikuweza kurekebishwa kwa sasisho, na ushauri uliotolewa ulikuwa kuacha kuzitumia.

Kwa msingi huo, baobonye ya kipokezi isiyo na jina linalojulikana, ambayo pakiti yake haitaji popote kwamba mawasiliano yamefungwa kwa mfumo kama AES wa biti 128, ni ya kutazamia video na kuandikia mambo yasiyo na siri. Anayefanya kazi za fedha nyumbani na hana uhakika na baobonye yake atumie yenye waya. Haina fahari yoyote mezani, lakini jirani hawezi kuisikiliza kwa redio.

Bluetooth haikuguswa na nyufa hizo mbili, ila nayo si ngome kamili. Desemba 2023 ilifichuliwa kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2023-45866, iliyomwezesha mtu aliye karibu kuunganisha baobonye bandia na baadhi ya vifaa vya Android, Linux na Apple bila mwenyewe kuidhinisha. Marekebisho yalitolewa, nayo huwafikia wanaosasisha mifumo yao. Windows 10, ambayo bado imo katika nyumba nyingi, iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Ombi la kuoanisha likijitokeza kwenye kiwambo bila mtumiaji kulianzisha, jibu lake ni kukataa.

Mwenye kununua tarakilishi ya mtumba atazame pia matundu ya nyuma. Kipokezi kilichosahauliwa na mmiliki wa awali bado humtambua mwenzake, na baobonye iliyobaki kwa mtu mwingine ikiwashwa karibu, itaandika kwenye mashine hiyo. Kipokezi kisichojulikana kichomolewe, na majina ya vifaa vigeni katika orodha ya Bluetooth yaondolewe kabla nywila ya kwanza haijachapwa.